Saa Kumi na Tatu Dubai

Wakwe zangu wana maneno yao kuhusu mdomo wangu. Wanasema ukinipa siri asubuhi, ikifika saa nne hata mbuzi wa jirani wanaijua. Wana sababu. Mwaka nilioolewa nilimwaga mtama kuhusu mimba ya wifi yangu mbele ya baba yake, tena mezani, tena nikicheka, nikidhani kila mtu anajua. Wifi hajanisamehe kabisa mpaka leo, na mtoto mwenyewe sasa anavaa viatu vikubwa kuliko vyangu. Kwa hivyo shemeji yangu mkubwa aliponipigia simu nikiwa uwanja wa ndege wa Minneapolis, akaniambia jambo ambalo mume wangu hakupaswa kulijua, nilielewa mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, mama mkwe wangu amefariki. La pili, ukoo mzima umeshika roho mkononi kwa sababu yangu.

Mume wangu alikuwa ameenda msalani. Tulikuwa tumeketi karibu na mlango wa kupandia ndege. Tungeunganisha Chicago, kisha Dubai, kisha Nairobi, kwenda nyumbani likizo baada ya miaka minne. Watoto tulikuwa tumewaacha na mdogo wangu kwenye nyumba yetu ya kupanga, New Hope, huko huko Minnesota.

"Shemeji, uko peke yako?" aliniuliza. Nikasema ndiyo.

"Mama ametuacha usiku huu. Ni presha." Na kabla sijapata la kusema: "Usimwambie. Wazee wataongea naye akifika, akiwa ameketi, amekula. Njiani hapana. Akianguka huko ugenini utambeba na nani?"

Nikasema nimesikia. Kabla ya kukata akaongeza, "Hii moja tu, shemeji. Tunakuomba."

Hiyo "hii moja tu" ndiyo iliyonichoma. Nilikuwa nimeishi katika ukoo ule miaka kumi na sita, nimezika nao, nimeozesha nao, nimeamka saa tisa usiku kuongea nao kwa simu kwa sababu kwao kumekucha, na bado nilikuwa mtu wa kubembelezwa afunge mdomo. Nikaapa moyoni kwamba hii wataiona.

Kwetu habari ya kifo haitembei ovyo. Mwenye msiba haambiwi kwa simu, haambiwi barabarani, haambiwi tumbo likiwa tupu. Wanaume wakubwa wa ukoo ndio humkalisha na kumwambia. Mke hana sauti hapo. Mke huwa jikoni anachemsha chai, anajifanya hajui kitu. Nilikuwa nimeona ikifanyika mara nyingi na nikaiona ni heshima, watu kukukinga na baridi kwanza kabla ya kukuvua nguo. Hata kazini nilikuwa nimezoea jambo la namna hiyo. Ninahudumia wazee katika nyumba moja ya kuwatunzia, Maplewood, na sisi wasaidizi haturuhusiwi kumwambia mtu lolote kuhusu mgonjwa wake. Nimewahi kumwosha mama wa watu aliyekata roho alfajiri, nikamchana nywele, halafu nikakutana na binti yake kwenye korido anakung'uta theluji kwenye buti, ananiuliza kwa uchangamfu mama ameamkaje leo. Nilimjibu, "Ngoja nikuitie muuguzi." Sauti yangu haikutikisika. Nikajiambia kama niliweza kwa binti wa wenyewe, nitaweza kwa mume wangu. Ujinga mtupu.

Akarudi akipangusa mikono kwenye suruali, akauliza nani alikuwa anapiga. Nikasema ni mdogo wangu, watoto wamekataa kula.

"Wape pizza," akasema, akaketi, akafunga mkanda wa begi lake vizuri. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake siku nyingi.

Sababu ya furaha yenyewe ilikuwa Dubai. Tiketi aliikata mwenyewe, na alichagua kwa makusudi ile ya kutukalisha pale saa kumi na tatu. Nilimgombeza alipoikata. Nani anataka kukaa Dubai saa kumi na tatu na mabegi? Lakini mume wangu ni mtu wa bohari la Shakopee. Kazi yake ni kutembea kati ya rafu zamu nzima, na kifaa mkononi kinachomwambia aende wapi na kwa dakika ngapi. Wakati wa chakula, wenzake wakisinzia, yeye alikuwa anatazama video za Dubai ya zamani: masoko, vichochoro, nyumba zenye minara ya kuvuta upepo. Alikuwa ameandika karatasi. Soko la viungo kwanza, la dhahabu, kuvuka maji kwa mashua, soko la vitambaa, halafu mtaa wa zamani, taratibu, mpaka jioni.

"Nataka mara moja maishani mwangu nitembee bila kutumwa," aliniambia siku ile ya tiketi, na sikumgombeza tena.

Tulipotua Dubai ilikuwa asubuhi ya Jumamosi. Kabla hata hatujapigwa muhuri kwenye pasipoti, akatoa simu atafute waifai ampigie mama kumwambia tumefika nusu ya safari. Nikanyoosha mkono.

"Nipe hiyo simu. Leo hakuna simu. Leo ni siku yetu."

Akanitazama kana kwamba nimeota pembe. "Wewe? Wewe unayelala na simu chini ya mto? Leo kweli umeokoka."

"Niokoke nisiokoke, lete."

"Na mama?"

"Mama leo yuko kanisani, kikao cha akina mama. Simu yake itakuwa imezimwa. Kwani humjui?"

"Kweli," akasema, akanipa simu. Nikaizima, nikaitumbukiza kwenye mkoba wangu, nikafunga zipu. Nilikuwa nimemweka marehemu kanisani, kwenye kiti chake cha mbele, na kofia yake. Nilitembea kwenda kwenye treni nimeushika mkoba kwa mikono miwili.

Yangu niliiwasha chooni, kituo tulichoshukia. Wifi, yule yule wa mimba, alikuwa ameandika: "Amejua?" Nikajibu: "Bado." Akaandika: "Asante dada. Mungu akutie nguvu." Miaka kumi na sita hajawahi kuniita dada. Nakiri nilifurahi. Nilisimama pale chooni, mama mkwe hana hata siku mbili tangu afe, na mimi nimefurahi.

Soko la viungo ni vichochoro vyenye paa, magunia yamekunjwa midomo, kila kitu kimelundikwa mpaka kinachongoka. Mume wangu alinusa kila gunia. Wauzaji walimwita "rafiki" na "Jambo, jambo, hakuna matata", naye akawajibu Kiswahili cha nyumbani kwa makusudi mpaka wakachanganyikiwa. Kijana mmoja wa duka alimwekea iliki kiganjani, na mume wangu akaisugua, akaniletea puani. "Hii ni ya chai ya mama," akasema. "Ile ya Minnesota ni maganda tu." Akapimiwa. Halafu akaniuliza, bila kunitazama, "Juzi mliongea naye, siyo? Alisemaje?"

"Alisema ametandika kitanda chetu tayari. Zile shuka za maua."

Hayo yalikuwa maneno yake kweli, ila aliyasema Jumanne. Mume wangu akatabasamu peke yake. "Zile shuka zina umri kuliko ndoa yetu," akasema, akachukua mfuko wa iliki.

Machozi yalinitoka pale pale. Nikasema ni pilipili. Alinitolea leso yake mwenyewe, akanipangusa, akawaambia wauzaji kwamba mke wake ameishi baridi muda mrefu hata pilipili imemsahau. Wakacheka wote. Nikacheka nao.

Kwenye dhahabu hatukukaa, tulipita tukikodoa macho kama kila mtu. Tukavuka maji kwa mashua ya kuvusha abiria, tumeketi ubavu kwa ubavu na vibarua waliokuwa wakirudi kazini, na yeye akaniambia kimya kimya kwamba hawa ndio angekuwa, kama ile viza ya Marekani isingetoka mwaka ule. Nilimshika mkono. Nilitaka kumwambia pale. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Kisha nikaona uso wa shemeji, nikasikia "hii moja tu", nikalimeza tena.

Ng'ambo ya pili ndiko kwenye vitambaa. Muuzaji, mzee mwenye miwani, alituita ndani, akatandaza shali juu ya shali mpaka meza ikajaa. "Kwa madamu?" akauliza. Mume wangu akasema hapana, kwa mama. Mzee akaweka mkono kifuani kwa heshima, akatoa nyingine, laini zaidi. Mume wangu akabakisha mbili: moja rangi ya damu ya mzee, ule wekundu mzito, nyingine kijani kama majani ya chai. Mimi na mama mkwe mabega yetu ni mamoja, kila mtu husema. Akanivalisha ya kwanza, akarudi nyuma hatua mbili, akanitazama. Akanivalisha ya pili, akafanya vile vile. Alinigeuza kwa mabega, polepole, aone mgongoni itakaaje.

"Mama angependa ipi?"

Nilisimama na shali ya marehemu mabegani.

"Damu ya mzee," nikasema.

"Si nilijua," akasema. Mzee akaikunja, akaitia kwenye mfuko, na mume wangu hakutaka ibebwe kwenye mkoba wangu. Aliibeba mwenyewe.

Jua lilikuwa limepanda na miguu ilikuwa imeisha. Kabla ya kuingia mtaa wa zamani tuliona mkahawa kwenye ua wa nyumba moja ya kale, mti katikati, meza kivulini. Tukaagiza chai ya maziwa na mikate. Mimi nikaenda chooni, kwa sababu nilihitaji mahali pa kulia bila pilipili. Nililia vizuri, nikanawa uso, nikajitazama kwenye kioo nikajiambia zimebaki saa sita tu tupande ndege. Nilikuwa nimefika mlangoni nilipokumbuka kwamba mkoba nimeuacha kwenye kiti.

Simu yake ilikuwa juu ya meza, imelala kifudifudi. Kando ya bakuli la sukari palikuwa na kikaratasi cha nywila ya waifai. Yeye alikuwa anakunywa chai. Hakuinua macho.

Baadaye nilijua ilivyokuwa. Alitaka kumtumia mama picha ya ile shali, aikute akitoka kanisani. Basi. Lakini huko Minnesota kuna mama mmoja wa kanisa letu, mtu mwema, mwepesi kusaidia kupita kiasi. Habari ilikuwa imemfikia kutoka nyumbani tukiwa hewani bado. Na sisi watu wa Minnesota tuna kawaida moja: kundi la wasapu la msiba halifutwi. Likimaliza msiba mmoja linangoja mwingine. Mtu hubadilisha jina na picha tu, kwa kuwa watu wote wamo tayari. Yule mama akachukua kundi la msiba wa mwaka uliopita, akabadilisha jina, akaweka picha ya mama mkwe wangu na mshumaa pembeni, akaandika maombi yatakuwa Jumapili jioni na kila familia ilete chakula. Hakukumbuka kwamba mume wangu yumo ndani. Alikuwemo tangu mwaka ule, kama mfariji. Alipowasha simu zilimwagika pole sabini na kitu, za watu wakiambizana wasimwambie.

Nikaketi. Sikujua niweke mikono wapi.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Minneapolis. Ukiwa msalani."

Akatikisa kichwa, kama mtu anayehesabu vituo vya basi. "Kwa hivyo kwenye iliki ulijua."

"Ndiyo."

"Kwenye shali."

Nikauvuta mkoba magotini.

"Nilikuuliza angependa ipi, ukachagua."

"Waliniambia nisikwambie. Wazee ndio—"

"Najua wazee ndio," akasema. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Nimeolewa na mtu ambaye hasira yake huingia ndani na kufunga mlango, na mimi ni mtu wa kubomoa milango, kwa hivyo nikaanza kuongea: kaka yako alisema, ungeanguka, ningefanya nini, mimi mwanamke peke yangu nchi ya watu. Niliongea mpaka nikasikia mwenyewe kwamba hakuna hata neno moja linalomhusu mama yake. Yeye akamaliza chai yake yote, akalipa, akatoa ile karatasi mfukoni.

"Imebaki mtaa wa zamani," akasema. "Twende."

"Baba watoto, turudi uwanjani. Tuketi mahali. Ulie."

"Twende."

Nikamfuata. Zile nyumba za kale zina kuta za rangi ya mchanga na vichochoro vyembamba hivi kwamba watu wawili hawapishani bila kugusana. Yeye alitangulia. Alitembea kama anavyotembea kazini, bila kusimama, kona hii, kona ile, akitazama milango, akitazama karatasi. Watalii walikuwa wakipiga picha. Mwanamke mmoja alituomba tumpige picha na mumewe, na mume wangu akawapiga, akamwambia asogee kidogo kwenye mwanga. Sitasahau jambo hilo. Halafu akaingia kwenye nyumba moja iliyo wazi kwa wageni, akasimama chini ya mnara wa upepo. Ukisimama pale upepo wa juu unakushukia kichwani, wa baridi kabisa. Alikuwa amenieleza habari hizo New Hope, jikoni, kwa wiki nzima: jinsi watu hawa walivyopoza nyumba zao kabla ya stima. Sasa alisimama tu, ameinua uso, macho amefumba, mfuko wa shali umekumbatiwa kifuani. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nilisogea, nikaweka mkono mgongoni mwake, naye akasogea hatua moja mbele, mkono wangu ukabaki hewani. Nilikuwa nimezuiwa kumwambia ili asilie ugenini bila watu wake. Akalia ugenini, mtu wake akiwa nyuma yake, na hakumtaka.

Kwenye ndege ya Nairobi hatukuongea. Alikubali blanketi nililomfunika, akakataa chakula.

Nairobi tulipokewa na magari mawili, tukapelekwa kwa baba mdogo wake. Nilimwona shemeji mkubwa mlangoni. Alinitazama, akamtazama ndugu yake anavyosalimia watu kwa utulivu, akaniinamishia kichwa kidogo. Alidhani nimeweza. Shangazi mmoja alinifinya mkono tukiingia jikoni, akanong'ona, "Umefanya kazi ya mtu mzima." Maneno niliyoyangoja miaka kumi na sita, na yalipokuja sikuweza hata kuyajibu.

Wakampa chai, wakampa wali na kuku. Akala, kijiko baada ya kijiko, huku wote wakimtazama ale. Alipomaliza wakavuta viti. Sisi wanawake tulisimama mlangoni mwa jikoni. Baba mdogo akakohoa, akaomba sala fupi, akaanza: "Kijana wetu, safari ya mwanadamu—"

Mume wangu akainua mkono.

"Baba mdogo, samahani nikikukata. Najua. Mke wangu aliniambia jana."

Nilisikia sufuria ikichemka nyuma yangu.

"Tulikuwa Dubai," akaendelea, na sauti yake ilikuwa wazi kabisa. "Alinitafutia mahali pa kukaa, kivulini. Akanishika mkono akaniambia mama amepumzika. Akakaa na mimi mpaka nikamaliza kulia. Kwa hivyo msihangaike. Niko sawa."

Kila uso ulinigeukia. Wifi akasonya, si kwa nguvu, ila nilisikia. Shangazi aliyenifinya mkono akanipa mgongo. Shemeji mkubwa alitazama sakafu, akatikisa kichwa kama mtu anayejilaumu kwa kuamini. Nilifungua mdomo niseme si kweli, sikumwambia, ulizeni simu yake, mimi niliufunga huu mdomo tangu Minneapolis. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ananitazama pia. Nikaufunga.

Tulizika. Kwa wiki tatu nilichota maji, nikapika, nikaosha vyombo vya matanga, na hakuna aliyeniambia siri hata ya bei ya nyanya. Nilikuwa nimemkasirikia mume wangu kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote. Nilidhani amenilipiza. Nilidhani amekaa kwenye ndege usiku kucha akitafuta mahali pa kunichoma, akapapata.

Sikumuuliza mpaka tuliporudi. Ilikuwa Februari, gari langu limekataa kuwaka, nikampeleka kazini Shakopee kwa lake ili nibaki nalo. Tuliketi kwenye maegesho ya bohari hita ikinguruma, dakika chache kabla ya zamu, na kama kawaida yangu sikuchagua wakati.

"Kwa nini uliwadanganya?" nikasema. "Kwa nini ulinichoma mbele ya watu wako?"

Aliwatazama wenzake wakiingia.

"Sikukuchoma," akasema. "Nilikuwa nawaambia vile nilitaka iwe."

Akavaa glavu, akashuka, akaenda kazini.